Beszel ndani ya kidaka: miezi minane nikichunga seva tatu Lamu

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Shela, ya vyumba sita. Ukumbini kuna zidaka zile za ukutani ambazo zamani ziliwekwa sahani na mabakuli ya China. Kidaka cha tatu kutoka mlangoni kimekaliwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Ndiyo inayoshika daftari la wageni na picha za kamera nne. Kutoka hapo mpaka mtaa wa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu mjini, ni mwendo wa dakika arubaini kwa miguu, ikiwa maji hayajajaa yakaifunika njia ya ufuoni. Huko Maalim mmoja ana kompyuta ndogo ya mezani, mtumba iliyotoka Mombasa, imejaa picha za miswada ya ukoo wao, kurasa kama elfu nne hadi sasa. Seva ya tatu sijawahi kuiona kwa macho. Iko Frankfurt, naikodi dola tano kwa mwezi, ina gigabaiti moja tu ya RAM, na ndani yake mna tovuti za wateja wangu wachache.

Mpaka mwaka jana mfumo wangu wa kuzichunga mashine hizi ulikuwa simu. Shangazi akipiga kabla ya alfajiri najua Pi imezima. Maalim yeye hapigi, humtuma mjukuu, na mjukuu hupitia kwanza kwenye viazi karai. Habari ya saa tatu hunifikia saa tano.

Mwezi wa tisa nikaweka Beszel, programu ya kuchunga hali ya seva kutoka mbali. Haya ninamwandikia mtu mwenye mashine mbili tatu, intaneti ya leo ipo kesho haipo, na hana gari la kumfikisha kwenye mashine zake kwa sababu mji wenyewe hauna njia ya gari.

Kwanza niliwatazama wakubwa wa kazi hii. Netdata hukusanya vipimo kila sekunde, na ukiifungua unaona grafu mpaka unasahau ulilolijia. Prometheus, iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, ndiyo wanayoisifu mafundi wa mashirika. Lakini kile kipande kinachokaa kwenye mashine, node_exporter, kazi yake ni kutoa namba kwenye poti 9100, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, basi. Wa kuzikusanya ni Prometheus yenyewe, na anayetaka kuzitazama kwa raha huongeza Grafana juu yake. Ni jahazi zima kwa mtu anayetaka kuvuka Manda na kikapu kimoja. Monit nimeitumia miaka na naipenda bado, maana haiishii kutazama, huduma ikianguka huweza kuiinua tena. Ila kila mashine huwa na ukurasa wake, nami nilitaka kufungua ukurasa mmoja nikinywa kahawa yangu, nione zote tatu.

Beszel ina vipande viwili. Kuna kituo, ambacho ndicho chenye dashibodi, hifadhi ya vipimo na arifa. Na kuna ajenti, programu ndogo inayokaa kwenye kila mashine ikipima prosesa, kumbukumbu, diski, mtandao na joto. Imeandikwa kwa lugha ya Go, leseni yake ni MIT, hulipi hata senti. Ilianza kutolewa mwaka 2024, kwa hiyo bado kijana, na matoleo hutoka mbio mbio. Mwenye kuipandisha toleo asome kwanza maelezo yake. Ajenti yenyewe kwenye Pi ya shangazi huila kumbukumbu kati ya megabaiti 10 na 20, na prosesa haigusi kiasi cha kusema. Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba haiandiki vipimo kwenye mashine inayoipima. Pi inaishi kwa kadi ya SD, na kadi ya SD hufa kwa kuandikwaandikwa. Nimeshazika tatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ubahili. Nikaona Frankfurt pamejaa tovuti za watu, basi kituo nikakiweka kwenye Pi ya shangazi, pamoja na ajenti. Kikafanya kazi vizuri siku kumi. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika Shela tangu adhuhuri mpaka baada ya magharibi, betri ya akiba ikamalizika alasiri, nami sikupata ujumbe hata mmoja. Nilikuwa nimekaa barazani Mkunguni, mbele ya Ngome, nikijisifu kwa rafiki yangu kwamba sasa nina mlinzi. Mlinzi alikuwa amelala kitanda kimoja na anayemlinda. Kesho yake nikahamisha kituo Frankfurt. Ukitaka kushika neno moja tu katika maandishi haya, shika hilo: kituo kisile umeme ule ule unaouchunga, wala kisitumie ruta ile ile. Ile gigabaiti moja niliyoiogopea imekitosha, na tovuti za wateja hazijalalamika.

Kituo husikiliza poti 8090. Mbele yake nimeweka Caddy, seva ya wavuti ambayo hujichukulia cheti cha usalama yenyewe kutoka Let's Encrypt, ikapitisha na miunganisho ya WebSocket, ile inayobaki wazi pande zote mbili zizungumze, bila kuambiwa. Mistari mitatu kwenye faili, kazi ikaisha.

Kuongeza mashine ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Unabonyeza kitufe cha kuongeza, unaipa jina, kituo kinakupa amri ya kunakili, ndani yake mna ufunguo na tokeni, neno la siri la kuitambulisha mashine. Wengi wataibandika kwenye terminali wafunge macho. Mimi sikulelewa hivyo. Nilishusha ile skripti nikaisoma kwa less, programu ya kusomea faili, kabla ya kuiendesha, kwa sababu inaendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mashine. Nilichokiona ni cha heshima. Inaunda mtumiaji anayeitwa beszel asiye na madaraka, inaweka programu mahali pake, inaandikisha huduma iitwayo beszel-agent ili iamke kila mashine inapoamka, na inauliza kama unataka ijipandishe toleo yenyewe. Nilijibu hapana. Langoni kazi nzima ilichukua dakika sita, na nne kati ya hizo nilikuwa nangoja kupakua.

Kuna namna mbili za ajenti na kituo kuzungumza, na hapa ndipo palipoamua kila kitu kwangu. Namna ya zamani, kituo ndicho kinachoiendea ajenti kwa SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye mashine ya mbali, kupitia poti 45876. Watengenezaji wameifunga vizuri, maana hata mtu akiuiba ufunguo hawezi kuendesha amri kwa njia hiyo, ajenti haipokei kitu zaidi ya kuombwa vipimo. Tatizo liko kwetu. Ruta za Shela na Langoni hazina anwani ya nje. Zimejificha nyuma ya mtandao wa mtoa huduma pamoja na wateja wengine, na hakuna mlango wa kugongwa kutoka Ujerumani. Kwa watu kama sisi namna hiyo ni kama kumwita mtu aliye ndani ya nyumba ya mawe yenye madirisha ya uani tu. Tangu mwaka 2025 ajenti inaweza kutoka yenyewe, ikakiendea kituo kwa WebSocket na tokeni yake mkononi. Ndiyo niitumiayo. Sikufungua poti yoyote, sikubembeleza mtu wa intaneti, sikuweka VPN.

Wanaotumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kisanduku chake kiitwacho kontena, ajenti huwaonyesha na kontena moja moja, lakini lazima uipe soketi ya Docker, mlango wa kuiamuru, na kumpa mtu soketi hiyo ni kumpa ufunguo wa nyumba, hata ukimwandikia kwamba ni wa kutazama tu. Mimi sina Docker Lamu, napita.

Diski ndiyo iliyonisumbua. Ajenti ikianza hupima diski ya mfumo peke yake. Kwenye mashine ya Maalim diski ya mfumo si kitu, miswada iko kwenye diski ya USB ya terabaiti mbili, na nakala kwenye nyingine ya pili. Unaziongeza kwa kuandika EXTRA_FILESYSTEMS kwenye mipangilio ya huduma, kwa systemctl edit beszel-agent. Nikaandika sda1 na sdb1, majina ambayo mfumo huzipa diski kwa zamu ya kuamka, kama mtu aliyesoma nusu ya maelezo. Wiki mbili baadaye umeme ukakatika na kurudi, diski zikaamka kwa kupishana, sda ikawa sdb. Dashibodi ikaniambia kwamba diski ya miswada imejaa nusu kwa siku moja na diski ya nakala imetoka nusu ikawa karibu tupu. Nililala na jambo hilo usiku mzima. Asubuhi nikavuka mpaka Langoni tumbo likinguruma, nikakuta kila kurasa iko mahali pake, Maalim ananikaribisha mkate wa mofa na kuniuliza mbona sura imebadilika.

Tangu hapo naandika njia badala ya jina la kifaa: /mnt/miswada na /mnt/nakala. Na kwenye fstab, faili inayosema diski ipi ikae wapi, diski zimefungwa kwa UUID, namba ya utambulisho ambayo haibadiliki hata zikiamka kwa zamu gani. Ajenti inakubali njia kama hizo. Laiti ningeanza hivyo ningeokoa usingizi.

Sasa joto, ambalo ndilo lililonifanya nisifikirie tena kubadilisha. Watu wakizungumza habari za kulinda seva huzungumza wadukuzi. Lamu kinachoua kompyuta ni joto, chumvi na umeme, kwa mpangilio huo. Raspberry Pi 4 ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye nyumba hatajua, ataona tu kwamba daftari la wageni limekuwa zito. Nikaweka arifa: joto likizidi 75 kwa dakika kumi, nijulishwe.

Mwezi wa pili, kaskazi imekaza na ukuta wenyewe una joto ukiugusa, simu ikalia saa sita kasorobo mchana. Shela, nyuzi 79. Nikafungua grafu. Joto lilikuwa 60 na kidogo mpaka saa nne, kisha likapanda moja kwa moja kama ngazi. Nikatazama prosesa, imelala, asilimia 12. Mtandao, kawaida. Kwa hiyo Pi haikuwa na kazi mpya, ilikuwa imenyimwa hewa. Nikapiga simu.

"Shangazi, kile kidude cha ukumbini kina nini?"

"Hakina kitu, mwanangu. Taa yake yawaka."

"Hakuna kilichowekwa mbele yake?"

"Mbele hakuna."

"Na juu?"

Akanyamaza kidogo. "Juu nimekifinika. Wageni wafika leo kutoka Italia, na zile nyaya zako zaharibu kidaka changu."

Alikuwa amekifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe alichokifanya mwenyewe, chenye nyuzi nzito kama sweta. Nikamwomba akiondoe nikiwa bado kwenye simu. Robo saa baadaye grafu ilikuwa imeshuka mpaka 61. Ningekuwa natumia simu kama zamani, ningepata malalamiko ya daftari zito jioni, ningeenda Shela kesho yake, na kitambaa kingekuwa kimeshaondolewa kufuliwa. Nisingejua kamwe. Sasa tumepatana: kitambaa kiko chini, Pi iko juu yake, imesimamishwa kwa vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite, na mbele kuna kikombe cha asumini kuficha nyaya. Kaskazi ilipomalizika hatukuwa tumefika 75 tena.

Arifa zenyewe lazima uzifundishe adabu. Mwanzo niliweka hali ya mashine, yaani imekatika au ipo, kwa dakika moja. Usiku mmoja wa mvua intaneti ya Langoni ilikuwa ikienda na kurudi, nikapokea jumbe ishirini na tatu kati ya isha na alfajiri. Mke wangu akanipa chaguo baina ya simu na chumba. Sasa mashine za Lamu nimezipa dakika kumi na tano kabla ya kunipigia kelele, Frankfurt dakika mbili. Diski asilimia 85. Prosesa sikuiwekea arifa kabisa, maana Maalim akitengeneza picha ndogo za kurasa mashine hukimbia asilimia mia kwa saa mbili na hiyo ndiyo kazi yake.

Ujumbe huja kwa barua pepe au kwa njia ya Shoutrrr, programu ya kupeleka arifa, yenye huduma nyingi ndani yake. Mimi natumia Telegram: unaunda boti kwa BotFather, unapata tokeni, unaiandika kwenye anwani inayoanza na telegram:// pamoja na namba ya kikundi, unabonyeza jaribu. WhatsApp haimo kwenye orodha niliyoiona, na kwa mji ambao hata mwenye punda hupokea kazi kwa WhatsApp, hilo ni pengo. Ilinibidi nimfungulie shangazi Telegram kwa ajili ya seva yake tu.

Kitu ambacho ajenti haiwezi, na hakuna ajenti inayoweza, ni kukuambia kwa nini imenyamaza. Duara jekundu ni duara jekundu. Umeme, intaneti, au mashine imekufa, zote zina sura moja ukiwa Frankfurt. Nimejifunza kuzitofautisha kwa namna ya kienyeji. Shela na Langoni zikizima pamoja, ni umeme au ni njia ya intaneti ya kisiwa kizima. Ikizima moja, subiri irudi kisha tazama muda ambao mashine imekuwa hai, dashibodi inauonyesha. Ukikuta dakika tano, mashine ilizimika, basi ni umeme. Ukikuta siku arubaini, mashine haikulala hata kidogo, ni intaneti iliyokatika. Nimemfundisha mjukuu wa Maalim namna hiyo, na sasa akitumwa anakuja na jibu badala ya swali. Viazi karai bado anapitia.

Nina manung'uniko mawili ya kweli. Ajenti haiweki akiba ya vipimo wakati imekatika na kituo. Intaneti ikipotea saa sita, grafu ina shimo la saa sita, hata kama mashine ilikuwa hai muda wote. Kwa mtu wa Nairobi ni dosari ndogo. Kwetu ndiyo saa hizo hasa unazotaka kuziona. La pili, historia inaishia siku 30, na kadiri inavyozeeka ndivyo vipimo vinavyounganishwa: saa moja ya mwisho unaiona kwa dakika, mwezi unauona kwa saa nane nane. Mimi ninayetaka kulinganisha kaskazi na kusi sina pa kutazama. Kwa hiyo nina daftari, la karatasi, ambamo kila Ijumaa baada ya swala naandika joto la juu la wiki kwa kila mashine. Nimeipa teknolojia ya karne hii kalamu ya Bic.

Ni hilo daftari lililonionyesha jambo la Langoni. Joto la mashine ya Maalim lilikuwa likipanda kidogo kidogo, nyuzi moja kwa wiki, tangu mwezi wa nne, wakati Shela lilikuwa likishuka kwa sababu kusi imeshaanza kuvuma. Arifa haikulia kwa sababu hakuna kiwango kilichovukwa. Nikafungua kifuniko cha kompyuta, nikakuta feni imeshikwa na kutu ya chumvi, inazunguka kama mtu mwenye miguu mizito. Nikaipangusa, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, nikaagiza nyingine Mombasa.

Je, ningemshauri mwenzangu aiweke? Mwenye mashine moja kwenye meza yake mwenyewe asijisumbue, atazame kwa htop, programu ya terminali inayoonyesha mashine inafanya nini sasa hivi. Mwenye ofisi ya seva hamsini na watu wa zamu atataka historia ya miaka na maswali magumu kuliko haya, akatafute Prometheus na mtu wa kuiendesha. Mimi niliye katikati, mwenye mashine tatu zilizogawanywa na maji, nimeilipia sifuri na imenipunguzia safari za boti kiasi cha kununua diski ya tatu.

Ile feni mpya imefika Mokowe na basi la jana, na mpaka niivushe nimemwambia Maalim aiache kompyuta bila kifuniko ili ipate upepo wa dirishani. Leo saa nane mchana joto limeruka nyuzi tisa kwa mpigo, prosesa ikiwa imelala. Nimempigia mjukuu akatazame. Amecheka kabla ya kujibu. Paka wa jirani ameona chombo wazi chenye joto, amejikunja ndani yake, na Maalim amekataa aamshwe.